Waliopita katika Moto

Habari ya wale vijana watatu, Anania, Azaria na Misaeli, mmekwisha kuisikia. Mfalme Nabukodonozori alitaka waisujudie sanamu yake ya dhahabu, nao wakakataa. Akakasirika sana, akaamuru tanuru iwashwe kupita desturi yake, wakatupwa ndani wakiwa wamefungwa kamba. Kitabu cha Nabii Danieli chasimulia ya kuwa Malaika alishuka kati yao akaufukuza mwali wa moto. Walipotoka, hata nguo zao hazikunuka moshi.

Watoto hupenda sana habari hiyo, na watu wazima vilevile. Lakini mtu aliyekwisha kuuguza mgonjwa wa moto nyumbani mwake huisikia kwa moyo mwingine. Husikiliza mpaka mwisho, halafu hujiuliza bila kufungua kinywa: Na mwanangu je? Mbona Malaika hakushuka jikoni kwangu? Swali hilo si dhambi. Lastahili jibu, na jibu lake si fupi.

Maana wanaotoka motoni bila alama ni wachache, na wanaotoka na makovu ni wengi. Shirika la Afya la Ulimwengu lakadiria ya kuwa watu 180,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuungua, na walio wengi sana ni wa nchi zisizo tajiri. Hesabu hiyo ni ya waliokufa tu. Waliobaki na makovu hawamo. Katika Kivu ya Kusini watu wangali wakiikumbuka tarehe 2 Julai 2010, siku gari lenye tangi la petroli lilipopinduka katika Sange, njiani kati ya Uvira na Bukavu. Petroli ilimwagika, moto ukashika, nyumba za udongo na nyasi zikateketea, na pamoja nazo watu waliokuwa wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Waliokufa walipita 230. Wengine wengi walichukuliwa hospitali, na kati yao walikuwamo vijana ambao maisha yao yalikuwa ndiyo kwanza yaanze.

Fikirini sasa jambo dogo kuliko lile la Sange, jambo lisilotangazwa na redio yoyote. Msichana wa miaka kumi na minane anamimina mafuta katika taa ambayo haijazimwa. Kufumba na kufumbua, kitenge chake kimewaka. Majirani wanakuja mbio. Mmoja ameshika chupa ya mawese, mwingine samadi ya ng'ombe, mwingine udongo wa mtoni, na kila mmoja anasema dawa yake ndiyo iliyomponya shangazi yake.

Hapo yafaa kusema neno la mwili kabla ya neno la roho, kwa kuwa Mungu aliviumba vyote viwili. Mtu aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi, yakipita juu ya kidonda, kwa muda wa dakika 20. Pete na bangili zivuliwe upesi kabla viungo havijavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi isinyofolewe. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi, na mgonjwa apelekwe dispensari bila kukawia. Mawese, samadi, udongo, dawa ya meno, vyote hivyo huleta uchafu na kumwongezea mganga kazi. Na baadaye, ngozi ikianza kufunga, kiungo kinyoshwe kila siku kama waganga walivyoonyesha, hata ikiwa mgonjwa analia. Kwa sababu kovu huvuta kama ngozi mbichi ya mbuzi iliyoanikwa juani, na mkono usionyoshwa hubaki umekunjamana. Kovu la moto hutumia mwaka mzima, mara nyingi hata miwili, kabla ya kutulia. Mama anayemhurumia mtoto wake akaacha kumnyosha mkono, humhurumia vibaya.

Basi msichana yule amepona, amerudi nyumbani. Upande mmoja wa uso wake umebadilika rangi, na shingo imevutwa kidogo begani. Mama yake amekificha kioo. Wazazi wa mchumba walikuja mara mbili na kuku mkononi. Mara ya tatu walituma mtu kuulizia mahari yao. Akifika kisimani, maneno ya wanawake hukatika. Watoto humkodolea macho, nao wakubwa huyageuza macho yao pembeni, na haijulikani ni lipi liumizalo zaidi. Jioni mzee mmoja, akiota moto wa kuni, anamwuliza mwenzake kwa sauti ya chini:

«Ndugu, moto hauli mtu bure. Nani amemtupia?»

Na mwenzake anajibu: «Labda ni baba yake. Lile deni la ng'ombe hakulilipa.»

Neno hilo ni la zamani kuliko kijiji. Wanafunzi wa Yezu walipomwona kipofu wa tangu kuzaliwa, walimwuliza Bwana wao ni nani aliyetenda dhambi, yeye mwenyewe au wazazi wake. Katika sura ya tisa ya Injili ya Mtakatifu Yohane Yezu alikataa yote mawili. Hakuwapa mtu wa kumshitaki. Akatema mate, akafanya tope, akaanza kazi. Mkatekumeni anayevaa medali shingoni, naye bado anatafuta mchawi wa kila taa iliyolipuka, sura hiyo hajaisoma, au ameisoma kwa macho tu.

Lakini msichana mwenyewe, akiwa peke yake usiku, hujiuliza mambo mengine. Hajiulizi ni nani aliyemloga. Hujiuliza kama maisha yake yamekwisha.

Kuna kijana mmoja wa Ulaya aliyejiuliza hivyohivyo, na mambo yake yajulikana kwa watu wote, maana ameyaeleza mwenyewe mbele yao. Jina lake ni Simon Weston, alizaliwa mwaka 1961 katika nchi ya Wales, Uingereza. Alikuwa kijana mwenye nguvu, mchezaji wa mpira, akaingia jeshini angali na miaka 16. Mwaka 1982 Uingereza na Argentina zilipigana kwa ajili ya visiwa vya Falkland, ambavyo Waargentina huviita Malvinas. Tarehe 8 Juni mwaka ule meli iliyoitwa Sir Galahad ilikuwa imesimama karibu na pwani, imejaa askari, petroli na risasi. Ndege za Argentina zikaja, zikaangusha mabomu. Katika meli ile walikufa watu 48, na wengi wao walikuwa askari wenzake Simon. Yeye alitolewa akiwa hai, lakini karibu nusu ya mwili wake ilikuwa imeungua, uso na mikono pia. Alikuwa na miaka 20.

Aliporudishwa nchini kwao alisukumwa juu ya kitanda cha magurudumu mbele ya mama yake na bibi yake. Mama akamtazama, akamwambia bibi amhurumie kijana yule maskini. Hakujua ya kuwa anamtazama mwanawe. Ilimpasa Simon kumwita mama yake, ndipo mama akajua. Msomaji na asimame kidogo hapo. Wapo wanaosema maumivu makubwa ya moto ni ngozi. Kijana huyu alisikia sauti ya mama yake mwenyewe ikimwita mtu mwingine.

Alipasuliwa mara nyingi sana, miaka baada ya miaka. Hata mwili ulipoanza kupona, moyo ulizidi kuugua. Alikunywa pombe kupita kiasi. Alikuwa na hasira, usiku aliiona meli ile tena na kuwasikia wenzake, na alijiona mkosaji kwa sababu tu yeye amebaki hali wao wamekufa. Alifikiri hata kujiua. Wahubiri wengine huiruka sehemu hii ili wafike upesi kwenye furaha, na ndiyo sababu wagonjwa hawawasadiki. Iliendelea miaka, wala haikuondoka kwa hotuba moja.

Kilichomwinua kilikuwa mambo madogomadogo. Mama yake hakumwacha, wala hakumdekeza. Wenzake wa jeshi walimwita tena kati yao, wakamtania kama zamani, wakamwambia kweli bila kumbembeleza. Kisha akaanza kutumwa kusema na vijana, akagundua ya kuwa wanamsikiliza. Mwaka 1988 alisaidia kuanzisha katika mji wa Liverpool chama kilichoitwa Weston Spirit, kwa ajili ya vijana wasio na kazi wala matumaini, na chama kile kilifanya kazi muda wa miaka 20. Alioa, akapata watoto. Na karibu miaka kumi baada ya siku ile, alikwenda Argentina kuonana na Carlos Cachón, yule rubani ambaye mabomu yake yaliipiga meli. Walikaa wakaongea, watu wawili wenye kumbukumbu ya siku moja. Wakawa marafiki.

Je, moto ndio uliomfanya Simon Weston kuwa mtu mwema? Hapana. Huo ndio mzizi wa somo hili, na watu wengi hujikwaa hapo.

Wataalamu wawili wa Marekani, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, wa Chuo Kikuu cha North Carolina katika mji wa Charlotte, waliwasikiliza kwa miaka mingi watu waliopatwa na mambo mazito: waliofiwa, waliougua, walioumizwa. Mwaka 1996 walitoa karatasi ya maswali 21 ya kupimia yale waliyoyaona. Waliona ya kuwa wengi wa watu hao, pamoja na huzuni yao, walisema wamebadilika pia kwa upande wa mema. Walikuwa karibu zaidi na wenzao, na wepesi zaidi wa kuona uchungu wa mtu mwingine. Walijua wana nguvu ambayo hawakuijua. Waliona njia za maisha ambazo zamani hawakuzifikiri, na siku ya kawaida, yenye jua na ugali, ikawa kwao zawadi. Na wengi walisema mambo ya roho, yaliyokuwa maneno tu, yameingia ndani yao. Wataalamu hao waliliita jambo hilo kukua baada ya jeraha. Lakini waliweka onyo: kukua huko hakuletwi na jeraha lenyewe. Huletwa na kushindana nalo, siku kwa siku, na mara nyingi kwa msaada wa mwenzi anayejua kusikiliza. Tena waliona ya kuwa mtu aweza kukua na kuumia wakati uleule.

Watu wa Kivu hawahitaji mfano kutoka mbali ili kulifahamu neno hilo. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, na mto wa moto ukaingia mjini Goma, ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Maduka, nyumba, shule, vyote vilifunikwa. Watu walikimbia. Siku zilipopita walirudi, mawe yangali na joto, wakatazama mahali palipokuwa nyumba zao. Kisha wakaanza kujenga. Walijenga juu ya mawe yale meusi, na mawe yaleyale wakayapasua wakafanyia kuta na nyua. Anayepita Goma leo huona kuta hizo. Sasa, mtu akisema ya kuwa Nyiragongo ndio ulioujenga mji wa Goma, atachekwa. Nyiragongo uliunguza. Waliojenga ni watu, kwa nyundo na vidole vilivyochubuka. Wala hakuna mwenye akili atakayemwambia mjane aliyepoteza nyumba yake ashukuru kwa sababu sasa ana mawe mengi.

Katika mafundisho ya dini huulizwa hivi: Je, Mungu ndiye aliyewasha moto, ili kijana apate kukua? Mkatekumeni na ajibu pasipo kusitasita: La. Mungu si adui wa mtoto wake. Taa ililipuka kwa sababu mafuta hushika moto, na mabomu yaliangushwa kwa sababu watu walitaka vita. Lakini Mungu hamwachi mtu peke yake juu ya mawe meusi. Yeye huja na neema, nayo mara nyingi huja imevaa nguo za mtu: mama asiyekata tamaa, rafiki anayetania, sista anayebadilisha bandeji kwa mikono myepesi.

Na wasiokua je? Wapo. Kuna mtu aliyeungua, akajitahidi, akasali, na miaka kumi baadaye angali akilia usiku na hataki kutoka nje. Huyo hana kosa, na imani yake si ndogo kuliko ya Simon. Mtakatifu Paulo mwenyewe aliwaandikia Wakorinto juu ya mwiba uliokuwa mwilini mwake; alimwomba Bwana mara tatu auondoe, na mwiba ukabaki. Basi asiwepo mtu wa kuingia katika nyumba ya mgonjwa na kumdai matunda, kama mwenye shamba anayedai mahindi ambayo hakuyapanda.

Juu ya kusamehe pia yafaa kuangalia sana. Katika vita ya Vietnam, tarehe 8 Juni 1972, ndege iliangusha napalm, ndiyo petroli nzito inayogandama mwilini huku ikiwaka, karibu na kijiji cha Trang Bang. Msichana mmoja wa miaka tisa, Phan Thi Kim Phuc, alikimbia njiani akilia, nguo zake zimeungua zote, na picha yake ikaonwa na dunia nzima. Alikaa hospitali muda wa miezi 14, akapasuliwa mara 17. Ni ajabu kuona ya kuwa tarehe ni ileile ya Simon, miaka kumi kamili kabla.

Kim Phuc alipokuwa kijana alitamani kuwa daktari. Lakini wakuu wa nchi yake walimtoa masomoni mara kwa mara, ili waonyeshe makovu yake kwa waandishi wa magazeti. Akachukia. Aliwachukia waliomwunguza na waliomtumia, akauchukia na mwili wake, akawaza ya kuwa hakuna mwanaume atakayempenda. Alitaka kufa. Mwaka 1982, akiwa na miaka 19, aliingia katika maktaba ya mji wa Saigon, akatafuta kati ya vitabu vya dini, akakuta Agano Jipya. Akasoma habari za mtu mwingine aliyepigwa, aliyechekwa, aliyeonyeshwa mbele ya watu akiwa uchi. Mwaka uleule akawa Mkristo. Je, siku ile alisamehe? Hapana. Mwenyewe ameeleza ya kuwa alianza kwa kuwaombea adui zake, na moyo ukalainika polepole. Mwaka 1996 alisimama katika mji wa Washington, mbele ya ukuta wenye majina ya Wamarekani waliokufa katika vita ile, akasema na askari wa zamani juu ya msamaha. Mwaka uliofuata alianzisha chama cha kuwasaidia watoto walioumizwa na vita. Na makovu yake yaliendelea kumwuma. Mwaka 2015, zaidi ya miaka 40 baada ya moto ule, alianza dawa mpya kwa madaktari wa Marekani ili maumivu yapungue. Aliyesamehe aliendelea kuumwa.

Wakongo wanaye ndugu yao wa kutazamwa katika jambo hili, ingawa yeye hakuungua. Ni Mwenye Heri Isidori Bakanja, aliyepigwa mijeledi mwaka 1909 kwa sababu ya kuishika imani yake na kuvaa skapulari ya Bikira Maria. Vidonda vya mgongo wake vilioza, akafa tarehe 15 Agosti mwaka ule, akiwa amekwisha kumsamehe aliyempiga na kuahidi kumwombea. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1994. Bakanja aliahidi hivyo kwa kinywa chake mwenyewe. Hakuna aliyemsukuma. Mkatekumeni anayekwenda kwa mgonjwa na kumwambia: «Samehe leo, kesho si yako», hajui uzito wa mzigo anaoutaka utuliwe. Heri akate kuni, achote maji, akae chini, asikilize.

Juu ya kukaa na kusikiliza, kuna mji mmoja wa Uingereza uliofundisha dunia. Waitwa East Grinstead. Katika Vita Kuu ya Pili marubani wengi waliungua ndani ya ndege zao, nao walikuwa vijana wa miaka ishirini na kidogo. Petroli iliwashika usoni na mikononi, mahali ambapo mtu hawezi kupaficha. Walipelekwa katika hospitali ya mji huo iitwayo Queen Victoria, kwa daktari Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand. Daktari huyo aliona ya kuwa marubani walioanguka baharini walipona vizuri kuliko walioanguka nchi kavu, basi akaanza kuwaogesha wagonjwa wake katika maji ya chumvi. Aliikataa dawa iliyotumiwa na wengi wakati ule, iliyokausha kidonda mpaka kikawa kigumu kama ngozi ya ngoma. Na pua aliijenga upya kwa ngozi ya mahali pengine: kipande kilikunjwa kama mrija, upande mmoja ukabaki umeshikana na bega au kifua na upande mwingine ukashonwa usoni, mpaka damu ikajua njia yake mpya. Kijana alitembea majuma mengi na mrija ule ukining'inia usoni. Ni rahisi kuwaza jinsi mtu wa namna hiyo angekimbiwa na watu njiani.

McIndoe alikuwa amelifikiri hilo. Hakuwafungia wagonjwa wake ndani, wala hakutaka wavae nguo za wagonjwa. Waliruhusiwa kuvaa zao. Kisha akawaendea watu wa mji, akawaeleza mapema watakayoyaona, akawaomba wawatazame vijana hao usoni kama watu wengine, wawakaribishe majumbani mwao. Watu wakakubali. Wakawafungulia milango, wakawapa chai na bia, wakacheza nao karata, wakakaa karibu nao sinema. Hata leo mji huo waitwa mji usiokodoa macho. Hakuna daktari aliyeweza kuandika dawa hiyo juu ya karatasi. Ilibidi muuza nyama, mama wa nyumbani na msichana wa duka waitoe wenyewe, kila siku.

Mwezi wa Julai mwaka 1941 wagonjwa wale waliunda chama chao. Wakakiita kwa jina la kobayi, wanyama wadogo ambao wataalamu huwajaribia dawa, kwa maana walisema nao wanajaribiwa upasuaji mpya. Wakamchagua mtunza fedha mwenye miguu iliyoungua, asije akakimbia na sanduku. Na mwandishi mwenye vidole vilivyoungua, asije akaandika maneno mengi. Anayesoma haya kwa mara ya kwanza huenda akaona haya kucheka. Na acheke. Waliocheka kwanza ni wao, na siku walipoweza kucheka pamoja, walikuwa wameanza kujenga juu ya mawe meusi. Mwisho wa vita chama kilikuwa na watu 649. Wengine walirudi kuruka, wengine walioa wauguzi, wengine walifungua biashara. Nao waliendelea kukutana kila mwaka mpaka uzeeni.

Mtakatifu Yohane aeleza ya kuwa Yezu mfufuka aliingia mahali ambapo milango ilikuwa imefungwa, akawaonyesha wanafunzi mikono yake na ubavu wake. Angaliweza kufufuka na ngozi laini. Alama za misumari zilibaki. Tomasi aliitwa azitazame kwa karibu, azitie kidole, na Bwana hakujificha.

Basi turudi kwa yule msichana wa taa. Ni siku ya mafundisho, kengele ya misioni imelia mara ya kwanza. Mama yake amekirudisha kioo ukutani, kwa kuwa binti mwenyewe amekiomba. Amejifunga kitenge kipya na kilemba ambacho hakifuniki kovu. Anapita kisimani. Anafika mlangoni mwa darasa, anasimama. Ndani kuna benchi sita, na wakatekumeni wamekwisha kukaa. Wote wamemwona. Hakuna anayesema neno.

Kwenye benchi la tatu mama mmoja mzee, mwenye meno machache, anasukuma kikapu chake chini, anasogea, anapiga ubao kwa kiganja cha mkono.

«Jambo, mwanangu. Kuja kukaa hapa. Padri atatuuliza amri kumi leo, na mimi ya sita na ya saba nazichanganya kila mara. Wewe ulizijua vizuri.»

Msichana anamtazama. Mama mzee naye anamtazama, usoni, upande wote. Msichana anaingia, anaketi.

«Ya sita,» anasema polepole, «ni ile ya ndoa. Ya saba ni ya wizi.»

«Loo! Kumbe mimi ninawashitaki wezi bure miaka yote,» mama mzee anajibu, na benchi zima linacheka.